Betri ya Ukubwa Sifuri

Siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Serikali iliutangazia umma kwamba tatizo la kompyuta za majumbani kuzimika ghafla umeme unapokatika limefika mwisho wake. Halikuwa limetatuliwa. Lilikuwa limeundiwa kamati, na kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba tatizo likishaundiwa kamati halina tena pa kukimbilia.

Tangazo lilisomwa kwenye ngazi za Wizara na Katibu wa kamati hiyo, mtu mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma mambo marefu. Alikuwa amefika kwenye maneno "Kamati ya Kitaifa ya Kubaini Ukubwa Stahiki wa Betri za Akiba kwa Kompyuta za Majumbani" pale umeme ulipokatika na kipaza sauti kikafa. Katibu hakutetereka. Alisoma kurasa tano zilizobaki kwa mdomo mtupu, huku waandishi wa habari wa safu ya nyuma wakitikisa vichwa kana kwamba wanasikia. Baadaye aliandika kwenye kumbukumbu kwamba uzinduzi ulifana na kwamba wananchi waliupokea kwa utulivu mkubwa.

Nyumbani kwa Katibu kulikuwa na kompyuta moja, juu ya meza ya kona pale sebuleni. Mkewe, mwalimu wa hesabu, aliitumia Jumapili kuandaa mitihani. Siku nyingine zote ilikuwa ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu. Kwa miaka arobaini na mmoja aliuzalisha mji mzima, na kila mtoto aliyempokea alimwandika daftarini: jina la mama, siku, saa, uzito, na namna mwenyewe alivyokuja duniani. Madaftari yalifika kumi na manne. Ofisi ya Vizazi ilipoungua miaka ile, yakabaki ndiyo ushahidi pekee wa siku watu walizozaliwa, na kila wiki mtu alibisha hodi: huyu anataka pasipoti, yule anabishana na pacha wake nani alitangulia. Mchwa nao walishaonja daftari la tatu. Mwishowe Ofisi ya Vizazi ilikubali kuyapokea na kuyatambua yote, kwa sharti moja tu, yaje yamechapwa. Mwandiko wa mkono haukuwa kwenye utaratibu.

Basi mama mkwe akawa anachapa, kwa vidole viwili, pua ikikaribia kugusa kioo. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba jicho la kushoto limeshaaga na la kulia limebakiza miezi minane, labda tisa.

"Tisa inatosha," alijibu mkunga. "Tisa naijua."

Kikwazo kilikuwa umeme. Ulikatika bila hodi, mara tatu kwa siku, na kompyuta ikazimika na kila kitu kilichokuwa hakijahifadhiwa. Binti yake alimfundisha ahifadhi kazi kila baada ya mistari michache, lakini wapi. "Mtoto akiwa njiani humwachi ukaenda kunawa mikono," alisema, na akawa anangoja mpaka ukurasa uishe. Kurasa nyingi hazikupata bahati ya kuisha.

Jioni ya siku ile ya tangazo, Katibu alimkuta amekaa mbele ya kioo cheusi, vidole bado viko juu ya vitufe. Watoto hamsini na wawili walikuwa wamepotea kwa mpigo. Katibu aliona aibu, ingawa hakuna ibara iliyomtaka aione.

"Mkwe wangu," alisema mama bila kugeuka, "wewe si ndiye wa betri? Nasikia leo umetangaza."

"Ndiye mimi, mama."

"Basi niletee moja."

"Mama, suala hilo liko kwenye kamati."

"Litatoka lini? Maana miye ninavyojua, kilichoko ndani lazima kitoke."

"Ukubwa wake haujabainishwa. Na waraka unakataza mtu kujinunulia kabla haujabainishwa. Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema mkunga, aliyekuwa ameyaona matumbo mengi.

Kamati ilikutana kila Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye umri wa miaka hamsini na saba. Alikuwa na umri huo kwa mwaka wa sita sasa. Kila baada ya muda cheti chake cha kuzaliwa kilipotea, akala kiapo, akapewa kingine, na kila kipya kilikuja na tarehe ya karibu zaidi. Kwa kuwa watumishi walistaafu wakiwa na sitini, Wizara ilijihesabu kuwa na bahati ya kuwa na Mkurugenzi ambaye sitini haimfikii.

Vikao vinne vya kwanza vilitumika kubaini maana ya neno "ukubwa". Mjumbe wa Idara ya Samani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Futi kwa sababu futi kamba haikumtoka mfukoni, alileta betri tatu akazipima urefu, upana na kimo, kisha akapima meza, kisha mlango, kisha kwa kuwa alishapamba moto akampima na mwanasheria. Takwimu zote ziliingia kwenye kumbukumbu. Kikao cha tano, mjumbe mmoja mgeni kutoka shirika la umeme aliinua mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Kwani hiyo kompyuta yenyewe inakula umeme kiasi gani?"

Katibu alipekua hadidu za rejea mbele na nyuma, na kwa masikitiko akaarifu kikao kwamba kompyuta haijatajwa humo kama kitu kinachokula. Mjumbe yule alishukuriwa kwa mchango wake, na tangu Alhamisi iliyofuata barua zake za mwaliko zikawa zinapotea njiani.

Ni Bwana Futi aliyeikomboa kamati.

"Wazee, tunajichosha bure," alisema. "Viti tulivigawaje?"

Wajumbe walitazamana. Katika Wizara ile kila kitu kiligawiwa kwa daraja la mtumishi, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu fomu za malalamiko nazo ziligawiwa kwa daraja. Daraja la Kwanza lilikalia kiti cha ngozi chenye mikono na magurudumu. La Pili lilipata mikono bila magurudumu. La Tatu lilikosa vyote. Daraja la Nne lilikaa benchi, na vikombe vyao vya chai havikuwa na visahani.

"Basi betri nayo ifuate daraja la mwenye kompyuta," alihitimisha Bwana Futi. "Mkubwa apate kubwa."

Jambo lilikuwa wazi kiasi kwamba Mkurugenzi alishangaa kwa nini hakulisema yeye, na baada ya dakika mbili ilibainika kuwa alilisema yeye. Jedwali likapitishwa. Daraja la Kwanza: betri ya kubebwa na watu sita. La Pili: watu wawili. La Tatu: mtu mmoja. La Nne: ya kushikika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na kazi nyingine. Wasio na daraja kabisa, yaani wakulima, mama wa nyumbani, mafundi, wastaafu na umma kwa ujumla wake, walipangiwa Ukubwa Sifuri, ambao ni cheti.

"Cheti cha nini?" aliuliza mwanasheria, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

"Cha betri," alisema Mkurugenzi. "Kinaonyesha kwamba mhusika angestahili betri kama angekuwa na daraja."

"Na umeme ukikatika, kinafanya nini?"

Mkurugenzi alivua miwani akaifuta taratibu.

"Kinathibitisha," alisema.

Katibu aliandika neno hilo akalipigia mstari. Aliliona zito, na usiku aliporudi alimsomea mkewe, ambaye alikuwa anasahihisha madaftari na hakuinua kichwa.

Cheti cha kwanza kabisa kilikwenda kwa mama mkwe. Kwa kuwa mwombaji alikuwa jamaa yake, Katibu alijihadhari na upendeleo: alipanga foleni mbele ya dirisha lake mwenyewe, akazunguka ndani, akajiambia arudi Jumatano. Jumatano alirudi. Cheti kilikuwa kizuri kweli, kina picha ya betri ya rangi, muhuri wa duara, na maneno haya: Mwenye cheti hiki amebainishwa kustahili Betri ya Akiba ya Ukubwa Sifuri. Kitundikwe karibu na kompyuta.

Wakakitundika juu ya meza ya kona. Mama mkwe alikisogelea, akakinusa wino, akasema asante, kisha akaketi kuchapa. Saa kumi na dakika ishirini umeme ukakatika.

Kioo kilizimika. Wote watatu wakakitazama cheti.

"Tusubiri kidogo," alisema Katibu.

Walisubiri.

"Hakiwaki," alisema mama mkwe.

"Mume wangu," alisema mkewe polepole, kwa sauti anayoitumia kwa mtoto aliyegawa kwa sifuri, "hiyo ni picha ya betri."

"Ni betri ya ukubwa sifuri."

"Sifuri nafundisha mimi. Mama kapoteza watoto thelathini na saba hapa, tumekaa tunaangalia picha."

Mama mkwe alipapasa mezani mpaka akalipata daftari, akalifungua palepale alipoanzia asubuhi. Alikuwa anakaribia kushika karatasi kwa kope. Katibu alitaka kutaja ibara, lakini hakuna iliyomjia mdomoni, na hilo halikuwahi kumtokea.

Jumamosi mkewe alimleta fundi wa redio wa pale kona, mzee mfupi ambaye miwani yake ilishikiliwa na waya wa shaba. Katibu alikuwepo sebuleni, lakini kwa nafasi yake binafsi, nyuma ya gazeti.

"Haya bibi," alisema fundi, "unataka ibebe nini na nini?"

"Kompyuta."

"Na printa?"

"Umeme ukikatika sichapishi, fundi. Nangoja."

"Feni? Redio? Birika la chai?"

"Chai nikishindwa kuisubiri nitakuwa mtoto."

Fundi alicheka. Akapiga magoti, akageuza sanduku la kompyuta, akasoma kibandiko cha nyuma kwa tochi, kisha akasoma na cha kioo. "Sanduku likifanya kazi yake hii ya kuchapa, wati mia na hamsini zinatosha. Kioo ishirini na tano. Mwalimu, jumlisha."

"Mia na sabini na tano."

"Ongeza kama robo, isipumue kwa shida."

"Mia mbili na ishirini hivi."

"Sasa bibi, unataka dakika ngapi?"

Mkunga alifikiri. "Za kumalizia mtoto ambaye kichwa kimeshatoka, kukata kitovu, kumpima, na kumweka pazuri."

"Hizo ni ngapi?"

"Mimi kwa haraka, kumi."

"Basi tumemaliza," alisema fundi, na chai aliyowekewa ilikuwa bado inatoa moshi. Alimgeukia mwalimu. "Dukani mbele ya boksi wanaandika namba kubwa ya kukuvutia macho. Usiiangalie. Geuza ubavuni, tafuta wati zenyewe. Zikipita hizo zako kwa nafasi, na dakika zinafika kumi, beba. Mtakuta ndogo tu, kama tofali. Na msiifunike, inataka hewa."

Nyuma ya gazeti Katibu alikuwa anatokwa na jasho. Kamati yake ilikuwa imekaa vikao kumi na kimoja, na huyu mzee hakuwa hata na ajenda.

"Fundi," alisema, gazeti likiwa palepale usoni, "umezingatia daraja la mtumiaji?"

"Daraja gani, mzee? Umeme haumjui mtu."

Jumatatu betri ikawa chini ya meza. Umeme ulipokatika ilitoa mlio mwembamba, pii, kila baada ya muda mfupi, na kioo kikabaki na mwanga wake. Mama mkwe hakugeuka hata kidogo. Alimaliza mtoto, akahifadhi, akazima mashine mwenyewe, kisha akajishika mdomo na kucheka peke yake. Katibu alitoka uani asije akaonekana amefurahi. Ndani ya nyumba yake kulikuwa na betri isiyobainishwa, na mtumishi anayevunja waraka alioandika mwenyewe amekalia kuti kavu.

Miezi mitano ilipita salama. Mama mkwe alifika daftari la kumi na tatu. Ndipo Waziri aliposema anataka kumwona mnufaika mmoja nyumbani kwake.

Kamati ilituma wakaguzi. Kati ya vyeti elfu nne vilivyotolewa, kilichokuwa kimetundikwa karibu na kompyuta kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa sebuleni kwa Katibu. Vingine vilikuwa vimetumika kufungia vitu dukani. Mkurugenzi alifurahi. Aliamua kwamba uzinduzi rasmi ufanyike humo humo, na betri yake ya Daraja la Kwanza iletwe iwekwe upande wa pili wa sebule, ili Mheshimiwa Waziri azione ncha zote mbili za sera.

Katibu aliliandikia shirika la umeme, akiomba umeme ukatwe siku hiyo saa nane na nusu mchana kwa ajili ya maonyesho. Shirika lilijibu kwa adabu kwamba halina utaratibu wa kukata kwa ratiba. Huwa linakata tu.

Siku ilipofika, watu sita waliishusha betri ya Daraja la Kwanza kutoka kwenye lori. Ilikuwa na urefu wa kabati. Mlangoni ikakwama. Bwana Futi alipima, akatangaza kwamba kasoro iko kwa mlango, na mlango ukaondolewa na fremu yake. Sebuleni, betri ilichukua nafasi ya makochi yote mawili. Kwenye soketi zake wakachomeka kompyuta ya Mkurugenzi, yenye hotuba yake ya kurasa ishirini na sita. Wakachomeka vipaza sauti, feni mbili kwa ajili ya Waziri, taa za wapiga picha, friji dogo la maji baridi, birika la umeme, na pasi, kwa sababu koti la Mkurugenzi lilipata mkunjo njiani.

"Mzee," alinong'ona mke wa Katibu, ambaye midomo yake ilikuwa imeshaanza kujumlisha, "hivyo vyote vinakula."

"Mwalimu," alisema Mkurugenzi kwa upole, "hii ni ya Daraja la Kwanza."

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," alisema mama mkwe kutoka kwenye kona yake, na akaendelea kuchapa.

Katibu alikuwa ameifunika ile betri ndogo kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Alisimama mbele yake, miguu imebana.

Waziri aliingia. Alikuwa mama aliyepita makamo, mkavu, mwenye mazoea ya kuketi karibu na mlango ili aondoke mapema, na siku hiyo mlango haukuwepo. Mapazia yakafungwa ili maonyesho yaonekane vizuri. Mkurugenzi alisafisha koo akaanza kusoma hotuba kwenye kioo cha kompyuta yake. Alikuwa kwenye ukurasa wa pili, akimshukuru Waziri kwa mara ya nne, pale umeme ulipokatika wenyewe.

Kwa nukta moja kila kitu kiliendelea. Vipaza sauti vikavuma, feni zikazunguka, na Mkurugenzi akatabasamu gizani. Kisha birika likaanza kuchemka na pasi ikapata moto. Betri ya Daraja la Kwanza ilipiga kelele moja nene, ikatikisa vioo vya dirisha, ikanyamaza. Hotuba ikaenda nayo. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili liliacha.

Sebule ikawa giza, isipokuwa kona moja. Huko kioo kilikuwa kinang'aa juu ya kichwa cha mwanamke mzee, na vidole viwili vilikuwa vinagonga, ta, ta, ta. Chini ya maua ya plastiki kitu kikasema pii.

"Nini hicho kinacholia?" aliuliza Waziri.

"Ndege, Mheshimiwa," alisema Katibu.

Mkurugenzi hakuwa na hotuba, na ukimya ulikuwa unazidi kunenepa. Alifanya kama wanavyofanya wakubwa wote wakiishiwa maneno: alimkumbuka mwananchi.

"Mheshimiwa, huyu ndiye mnufaika wetu. Mkunga wa mji huu. Anaandika orodha ya majina ya watoto wote aliowapokea. Hata mimi, Mheshimiwa, hata mimi nimepitia mikono hii." Akasogea kwenye mwanga, akaweka mkono begani kwa mama mkwe ili apigwe picha. "Mama, hebu nitafute."

"Mama yako alikuwa nani, mwanangu?"

"Yule mshonaji wa karibu na mto."

"Oo." Mkunga alibonyeza vitufe viwili vitatu. Orodha ikashuka, ikasimama. Alisogeza jicho lake la kulia karibu na kusoma kwa sauti ile ile ya wodini, inayosikika mpaka mwisho wa korido. "Huyu hapa, daftari la kwanza. Mtoto wa kiume. Kilo nne na robo. Alitanguliza matako. Mama alipata shida sana, maskini. Alfajiri ya Ijumaa, wiki moja baada ya mafuriko kuchukua daraja."

Watu walicheka kidogo, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Waziri hakucheka.

"Daraja lipi? Lile la chuma?"

"Lile lile, mwanangu. Hakujawahi kuwa na jingine."

"Mimi nilizaliwa mwezi mmoja baada ya daraja lile kwenda," alisema Waziri. "Nimetimiza sitini na tatu juzi." Alimgeukia Mkurugenzi. "Wewe una miaka mingapi, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza namba haikutoka.

"Mama amechanganya," alisema hatimaye. "Umri huu, Mheshimiwa, na macho yake. Mama, hebu zima hiyo mashine."

"Siwezi kuikatisha, mwanangu. Nahifadhi kwanza."

"Nasema zima!" Na kwa kuwa hakuzima, Mkurugenzi, Mwenyekiti wa Kamati ya Kitaifa ya betri za akiba, aliinama mbele ya wapiga picha, akaushika waya wa mkunga kwa mikono miwili, akauchomoa ukutani.

Kioo kiliendelea kuwaka. Alfajiri ya Ijumaa, kilo nne na robo, matako yakitangulia.

Mkurugenzi aliutazama waya mkononi. Waziri naye aliutazama.

"Mkurugenzi," aliuliza taratibu, "kwani huo ukuta una umeme?"

Pii, ilisema betri ndogo. Mama mkwe akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akanyoosha mgongo. "Tayari," alisema. "Mtoto yuko pazuri."

Waziri alisimama, akasogeza chombo cha maua, akainua kitambaa. Akaona kitu cha ukubwa wa tofali.

"Hii ni ya daraja gani?"

Katibu alijua kwamba hapo ndipo unga wake unamwagika. Miaka kumi na tisa ya utumishi ilimpitia. Kisha akatazama jicho la kulia la mama mkwe, jinsi lilivyokuwa jekundu na lenye raha, na akajisikia mwepesi.

"Haina daraja, Mheshimiwa. Imenunuliwa kinyume cha waraka wangu. Inabeba kompyuta na kioo, dakika kumi, basi."

"Nani aliibaini?"

"Fundi wa redio wa pale kona."

"Kwa vikao vingapi?"

Katibu hakuweza kusema uongo kwenye jambo la kumbukumbu. "Kikombe kimoja cha chai, Mheshimiwa. Hakikuisha."

Waziri alirudi kwenye kiti chake, akachukua mkoba. "Mkurugenzi, hongera sana kwa kustaafu," alisema. "Tangu miaka mitatu iliyopita." Akatoka kwa urahisi, mlango ukiwa haupo.

Kumbukumbu za siku ile zimehifadhiwa na zinasomeka hivi: Saa nane na dakika kumi na tisa, Mwenyekiti alichomoa waya kwa mikono yake mwenyewe. Mashine iliendelea kuwaka. Jaribio limefaulu. Chini kuna saini ya Katibu.

Kamati haikuvunjwa, kwa sababu kamati haivunjwi. Ilihamishiwa kwenye suala la milango. Katibu hakumwaga unga. Alipewa onyo kwa kuvunja waraka, na siku hiyo hiyo pongezi kwa jaribio pekee lililofaulu, na barua zote mbili aliziandika mwenyewe. Mama mkwe alimaliza daftari la kumi na nne mwezi wa nane wa hesabu ya daktari, akabakiza mwezi mzima wa kukaa uani na kuangalia tu. Ofisi ya Vizazi ilipokea kurasa zote, ikagonga muhuri, na ndani ya wiki moja wakurugenzi watatu wa wizara nyingine wakaomba kustaafu kwa sababu za kiafya.

Betri ya Daraja la Kwanza ilirudishwa bohari na watu wale wale sita, kwani mstaafu hana daraja. Mkurugenzi wa zamani, ambaye alikuwa ameanza kuandika nyumbani kitabu cha maisha yake ya utumishi, alipoteza sura ya kwanza mara nne. Akaleta maombi ya betri. Katibu alimpelekea jibu mwenyewe, kwa mkono, kwa heshima ya miaka waliyofanya kazi pamoja.

Mzee alikipokea cheti, akakigeuza mbele na nyuma. Picha ya betri ilikuwa ya rangi, muhuri wa duara.

"Kitundikwe karibu na kompyuta, Mzee."

"Najua, niliandika mimi." Akakiinua kwenye mwanga wa taa. "Lakini hebu niambie kweli, Katibu. Umeme ukikatika, hiki kinafanya nini?"

Katibu alivua miwani akaifuta taratibu.

"Kinathibitisha, Mzee."

Taa ya sebuleni ikazimika wakati ule ule, na kompyuta mezani nayo ikazimika. Wakakitazama cheti. Wakasubiri kidogo.